Miwani ya michezo kwa mtoto anayevaa miwani: ipi inamfaa mzazi wa Dodoma mwenye bajeti ndogo?

Ingia duka la miwani mjini Dodoma uulize "miwani ya mtoto ya kuchezea mpira". Mara nyingi utaonyeshwa kimoja kati ya vitu viwili: kamba ya kufungia miwani kisogoni, au miwani nyeusi ya waendesha baiskeli. Vyote vina kazi yake, ila hakuna kinachogusa tatizo lililokupeleka pale. Miwani kudondoka uwanjani ni usumbufu tu. Hatari iko kwenye ile miwani ya kawaida inapopigwa na mpira au kiwiko: fremu inakatika, lenzi inarudi nyuma, na nyuma yake kuna jicho.

Kwa hiyo kila chaguo hapa chini nimelipima kwa maswali mawili kabla ya kugusa bei. Lenzi ikipigwa, itapasuka au itahimili? Na fremu ikipigwa, itaipeleka lenzi wapi?

| Chaguo | Gharama | Kinga | Namba ya mtoto (nguvu ya lenzi aliyopimiwa) ikibadilika |
|---|---|---|---|
| Miwani ya kila siku + kamba | Ndogo kabisa | Haidondoki, basi | Huongezi kitu |
| Miwani ya kila siku yenye lenzi za polikaboneti (plastiki ngumu kupasuka) | Ya kati | Lenzi imara, fremu bado dhaifu | Unabadilisha lenzi |
| Miwani ya michezo ya kuvaa juu ya miwani | Ya kati | Nzuri, ila joto na ukungu | Huongezi kitu |
| Miwani ya michezo yenye namba | Kubwa | Bora kuliko zote | Unabadilisha lenzi tu |
| Miwani ya kinga ya fundi | Ndogo | Nzuri kwa vumbi na vipande vinavyoruka, si kwa kiwiko | Huongezi kitu kama inavaliwa juu ya miwani |

Chaguo ambalo watoto hulichukua wenyewe

Pita jioni kwenye uwanja wowote wa vumbi, Chang'ombe, Nkuhungu au Nzuguni, utaona miwani imetumbukizwa ndani ya kiatu pembeni ya jiwe la goli. Mwenyewe yumo uwanjani anacheza kwa kukisia. Mtoto ameona kwamba miwani inamsumbua na nyumbani ataulizwa ikivunjika, akajiamulia.

Kwa mtoto asiyeona mbali, yule wa namba za kutoa (-), hesabu ya anachokiona ni nyepesi: gawa 1 kwa namba yake, utapata mita. Mtoto wa namba -2.00 anaona vizuri mpaka nusu mita kutoka usoni. Wa -3.00 ni sentimita 33, wa -4.00 ni sentimita 25. Zaidi ya hapo ni ukungu, na unavyoenda mbali ndivyo unavyozidi. Mpira wa kikapu unaorushwa kwake anauona wazi ukiwa umeshafika. Kwa hiyo kumwambia "vua miwani ucheze" ni kumpunguzia ulinzi wa kwanza alionao, yaani kukwepa.

Mwenye namba ndogo, tuseme -0.75, huyo anaweza kucheza bila namba. Mnunulie miwani ya michezo isiyo na namba, ambayo ni nafuu kwa sababu hakuna lenzi ya kusaga. Lakini mwenye namba za kujumlisha (+), hasa yule ambaye makengeza yake hunyooka akivaa miwani, asivue mpaka daktari wa macho aseme.

Lenzi kwanza, na hapa ndipo watu wanapopigwa

Lenzi za kioo halisi siku hizi ni chache, lakini bado zipo kwenye miwani ya zamani na ya kurithi. Mtoto asiingie nazo uwanjani hata dakika moja. Zikivunjika hutoa vipande vikali kama chupa.

Plastiki ya kawaida, ile ambayo pakiti yake huandikwa 1.50 (hii ni namba ya aina ya lenzi, si ya macho ya mtoto), huonyesha vizuri sana na haikwaruziki haraka, ila kwa pigo zito hupasuka. Polikaboneti huandikwa 1.59. Hii ndiyo inayotakiwa: nyepesi, ngumu kupasuka, na yenyewe kwa asili yake huzuia miale ya jua ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe kabisa. Udhaifu wake ni kukwaruzika, kwa hiyo lazima iwe na tabaka la kuzuia mikwaruzo. Iko pia aina ya Trivex, 1.53, imara kama hiyo na inaonyesha kwa usafi zaidi pembeni, lakini bei yake iko juu na kwa bajeti tunayoizungumzia sioni sababu ya kuitafuta.

Sasa angalia namba moja ambayo sijaitaja: 1.56. Hii imejaa madukani, ni rahisi, ni nyembamba kidogo kuliko ya 1.50, na kwenye karatasi 1.56 na 1.59 zinafanana kama mapacha. Kwa pigo hazifanani hata kidogo. Wembamba haumaanishi uimara. Ukiambiwa "hii ni nyembamba ya kisasa, haivunjiki", bado hujajibiwa.

Mazungumzo yenyewe dukani huwa hivi:

"Mama, hii haivunjiki kabisa, watoto wote wanachukua hii."

"Sawa kaka, nimekuelewa. Basi niandikie kwenye risiti kwamba ni polikaboneti."

"Ahaa, polikaboneti? Hiyo mpaka tuagize Dar, mama."

Muuzaji wala hakuwa na nia mbaya. Neno "haivunjiki" kwake lina maana ya kwamba si kioo. Risiti ndiyo iliyotenganisha bidhaa mbili. Omba pia kuiona pakiti ya lenzi kabla hazijakatwa, na uulize unene wa katikati. Lenzi za kutoa, zile za mtoto asiyeona mbali, ndizo huwa nyembamba zaidi katikati, na duka likitaka zipendeze huzisaga mpaka karibu milimita 1. Kwa michezo usikubali chini ya milimita 2.

Fremu: swali la pili

Ukishaweka polikaboneti kwenye fremu yake ya shule, umepiga hatua kubwa. Kama pesa iliyopo inatosha jambo moja tu mwaka huu, na mtoto hachezi kwenye timu bali ni mpira wa mapumziko tu, hilo ndilo ningefanya: lenzi za polikaboneti ndani ya fremu ya plastiki yenye ukingo unaozunguka lenzi yote, pamoja na kamba. Fremu za chuma zenye vile vipedi viwili vya puani, na zile zisizo na ukingo wa chini, ziache kabisa. Kile kichuma kinachoshika kipedi kiko sentimita chache tu kutoka kwenye kona ya jicho.

Lakini fremu ya shule ina bawaba. Pigo la pembeni huivunja pale, na mfereji unaoshika lenzi haukutengenezwa kuizuia isirudi nyuma. Miwani halisi ya michezo imetengenezwa kwa hesabu nyingine. Upande wa nyuma kuna ukingo uliozidi kidogo, ili lenzi ikilazimika kutoka itokee mbele. Puani na kwenye kona za uso kuna mpira laini. Mara nyingi haina bawaba: ni kipande kimoja na mkanda mpana unaozunguka kichwa. Nguvu ya pigo hupelekwa kwenye mfupa wa paji na wa shavu.

Alama ya kutafuta ni ASTM F803, au ASTM F3164 kwa michezo ya raketi kama tenisi; vyote ni viwango vya Marekani vya miwani ya michezo. Kinachopimwa ni fremu na lenzi kwa pamoja, kwa mpira wa mchezo wenyewe. Ukiona fremu inauzwa kwa jina la michezo lakini haina alama popote, si kwenye mkono wake wala kwenye boksi, wewe unanunua umbo.

Juu ya miwani au yenye namba?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo kwa wazazi wengi, na majibu yanatofautiana kwa sababu za haki.

Ile ya kuvaa juu ya miwani ina faida moja kubwa ya kifedha. Mtoto wa miaka tisa au kumi asiyeona mbali huweza kubadilishiwa namba kila mwaka, pengine mapema zaidi. Ya kuvaa juu haijali namba. Mdogo wake naye akianza miwani, anaazima. Timu ya shule inaweza kununua mbili zikakaa kwenye begi la mipira, ilimradi zioshwe kwa sabuni kabla ya kuhamia uso mwingine. Kwenye mkoa ambao wilaya ya Kongwa imepambana kwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana, hilo sihitaji kulieleza sana.

Hasara zake unaziona dakika ya kumi ya mchezo. Kuna lenzi nne mbele ya macho mawili, jasho limejaa katikati, na ukungu hauwezi kufutika bila kuvua vyote. Halafu pigo likija, ile ya juu huikandamiza ya ndani usoni, kwa hiyo miwani ya ndani nayo isiwe ya kioo wala ya kichuma chembamba. Na si kila miwani inaingia: fremu pana za mtindo wa sasa hugoma. Nenda na mtoto akiwa amevaa miwani yake, usinunue kwa kukadiria.

Yenye namba ni nyepesi, ina ukungu mdogo, na mtoto anaivaa bila kulazimishwa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, maana miwani ya bei ghali inayobaki kwenye begi kinga yake ni sifuri. Hesabu ya gharama yake pia huwa inapotoshwa. Ukitajiwa bei moja ya jumla, omba igawanywe: fremu peke yake, lenzi peke yake, kukata na kufunga peke yake. Fremu nzuri inaweza kumvusha mtoto misimu miwili. Mwaka wa pili unalipia lenzi tu. Ukigawanya hivyo, tofauti na ile ya juu hupungua kuliko ulivyodhani.

Msimamo wangu: mtoto aliye kwenye timu ya kikapu, netiboli, mpira wa mikono au soka, anayefanya mazoezi kila wiki na anayelenga UMITASHUMTA au UMISSETA (mashindano ya shule za msingi na za sekondari), mtafutie yenye namba hata kama itabidi kusubiri mwisho wa muhula. Anayecheza mara mojamoja, au namba yake inakimbia, ya juu ya miwani inatosha.

Usichague ile iliyojikunja sana kuzunguka uso kama ya mwendesha baiskeli, hasa namba ikiwa kubwa. Lenzi ikijipinda vile, pembeni vitu huonekana vimesogea, na mtoto atakuwa anadaka mpira ambao haupo pale.

Miwani ya fundi

Ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, nyingine kwa bei ya chipsi mayai na soda, na mara nyingi lenzi yake ni polikaboneti kweli. Ndiyo maana swali hili huulizwa sana: kwa nini nisinunue hii?

Jibu liko kwenye namna inavyopimwa. Alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, yenye herufi F maana yake imehimili kigololi cha chuma cha milimita 6 kilichorushwa kwa mita 45 kwa sekunde. Ni kipimo cha kipande kidogo chenye mwendo mkali, kama kinachoruka kwenye mashine ya kukatia chuma. Kiwiko cha beki ni kizito na kinakuja na mwili mzima nyuma yake. Miwani ya fundi haina mpira laini puani, kingo zake ni ngumu, na inaweza kumkata anayevaa au hata mwenzake.

Siitupi. Kwa rede, ambako mpira ni wa matambara au wa soksi na hakuna kugongana, inafaa. Kwa vumbi la Julai hadi Septemba, upepo wa Dodoma unapogeuza uwanja kuwa tanuri la mchanga, na kwa kuendesha baiskeli vichochoroni penye miiba, inafaa sana. Kwa mechi ya kikapu, hapana.

Yasiyohitaji maneno mengi

Riadha haihitaji miwani ya kinga. Kamba tu, na pesa iliyobaki mnunulie raba. Kwa kuogelea, ipo miwani ya kuogelea yenye namba zilizotayarishwa tayari, nafuu, lakini isitoke nje ya maji kuja kwenye mpira. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho hazikingi pigo lolote, na kwa mtoto kwenye vumbi na maji ya ndoo ningeziacha hadi awe mkubwa wa kujitunza. Fremu za kinga zisizo na lenzi, zenye matundu tu, hazina kazi: vidole vinapita.

Lenzi nyeusi ni gharama isiyo na faida kwa wengi, kwani polikaboneti nyeupe tayari inazuia miale, na mechi nyingi za watoto huishia jioni giza linapoanza. Isipokuwa watoto wenye ualbino. Kwao mwanga mkali wenyewe ni kikwazo, na lenzi yenye rangi pamoja na kofia ya ukingo mpana ni sehemu ya kuona.

Mtoto mwenye jicho moja linaloona vizuri

Huyu hana chaguo la nafuu kati ya yaliyotajwa. Kama jicho lake dhaifu, hata akivaa miwani, halifikii 6/12 kwenye ule ubao wa herufi, madaktari humhesabu kama mwenye jicho moja. Miwani ya michezo yenye kiwango ni lazima katika kila mchezo wa mpira au wa kugusana, na nje ya michezo avae polikaboneti muda wote. Ndondi na karate ya kupigana kweli hazimfai kabisa, kwa sababu hakuna miwani inayokinga pale. Kama hujui jicho dhaifu linaona kiasi gani, apimwe kwanza: kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa, au Mvumi kwa mlio upande wa Chamwino. Omba uandikiwe namba pamoja na umbali kati ya mboni na mboni. Bila hicho kipimo cha pili lenzi hukatwa kwa kubahatisha.

Kuijaribu na kuinunua

Sweta la shule hununuliwa kubwa ili mtoto alikulie. Miwani hii hapana. Ikiwa pana, pigo la kwanza litaiteremsha na ukingo wa juu utatua palepale penye jicho. Mvalishe, kaza mkanda, kisha mwambie aruke, atikise kichwa, aangalie juu kama anayepiga mpira wa kichwa. Ibonyeze polepole kwa kiganja: kope zisiguse lenzi. Jaribu kupitisha kidole chake mwenyewe kutokea pembeni. Kikifika jichoni, rudisha.

Duka lisipokuwa na saizi ya mtoto au mashine ya kukata polikaboneti, kuagiza Dar si safari kubwa tena tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Ila usimtume ndugu na jina la mtoto peke yake. Mpe upana wa uso kutoka kona hadi kona, karatasi ya namba, umbali wa mboni, na neno polikaboneti kwa maandishi. Kukubaliana kwamba isipomkaa inarudishwa ni bora kuliko punguzo lolote la bei.

Walimu wa michezo wengine bado humtoa mtoto uwanjani kwa kusema "miwani hairuhusiwi". Sheria ya 4 ya soka inaitaja wazi miwani ya michezo kati ya vinavyoruhusiwa, na kikapu nacho kinairuhusu mradi isihatarishe wengine. Edgar Davids alicheza nayo Juventus na timu ya taifa ya Uholanzi baada ya upasuaji wa presha ya macho mwaka 1999, na Kareem Abdul-Jabbar aliifanya sehemu ya sura yake kwenye kikapu baada ya kukwaruzwa jicho zaidi ya mara moja. Mwonyeshe mwalimu kabla ya siku ya mechi, si refa akiwa ameshapuliza filimbi.

Nyumbani, vumbi lisuuzwe kwa maji kabla ya kitu chochote kugusa lenzi. Kupangusa kavu kwa pindo la fulana ni kupiga msasa. Kisha sabuni laini na kitambaa safi cha pamba. Dawa ya kutolea rangi ya kucha isikaribie, huipasua polikaboneti vistari vidogovidogo. Mikwaruzo ikizidi, badilisha lenzi. Ikipokea pigo zito au fremu ikaonyesha ufa hata mwembamba, haichezewi tena, iwe na miezi miwili au miaka miwili.